Mzee ninayemlea bado anamtumia kadi za ugua pole shujaa wake wa besiboli aliyeshafariki. Nimwambie au nikae kimya?

Boksi la Illinois (mleta mada)
Wakuu, habari za humu. Nipo nje kidogo ya Chicago, nabeba boksi kwa kulea wazee. Mzee niliye naye ni mjane, mstaafu wa reli, kichwa chake kinakuja na kuondoka. Asubuhi ananijua vizuri, jioni ananiuliza mimi ni mtoto wa nani. Kitu kimoja tu hakijamtoka, nacho ni timu ya Cubs, na ndani ya Cubs ni mtu mmoja: Ryne Sandberg, jezi namba 23.

Kwa wasioujua huu mchezo, Sandberg alikuwa analinda beisi ya pili. Kuanzia 1983 hadi 1991 alibeba tuzo ya Glavu ya Dhahabu kila mwaka, na 1984 akawa mchezaji bora wa ligi yake. Mzee hachoki kusimulia tarehe 23 Juni 1984, Cubs na Cardinals wa St. Louis pale Wrigley Field. Cubs wako nyuma kwa moja, raundi ya tisa ambayo ndiyo ya mwisho, mrushaji wa Cardinals ni Bruce Sutter ambaye miaka ile hakuwa mtu wa kuchezewa. Sandberg akaupiga ukavuka ukuta, ngoma droo. Raundi ya kumi Cardinals wakaongoza kwa mbili, Cubs wakabakiza mtu mmoja wa kutolewa, akaja yuleyule kwa mrushaji yuleyule, ukavuka tena! Cubs wakamaliza kazi raundi ya 11 kwa 12-11. Mzee akifika hapo anainuka kwenye kiti mikono juu, nami nadaka ule mkanda wake wa kiunoni asije akala mweleka.

Januari 2024 Sandberg alitangaza ana saratani ya tezi dume iliyokwisha kusambaa. Mzee akaanza kadi. Yeye anasema, mimi naandika: ugua pole, tuko na wewe, Chicago yote inakuombea. Agosti mwaka huohuo mwamba akatangaza amepona, mzee akaniamrisha nitundike dirishani ile bendera nyeupe yenye W ambayo Cubs hupandisha wakishinda. Desemba ugonjwa ukarudi. Tarehe 28 Julai 2025 akafariki akiwa na miaka 65.

Mzee hajui. Binti yake kasema tusimwambie. Na kila Jumapili mzee anadai kalamu. Nimwambie, au niendelee kuandika? Roho inanisumbua, usingizi sipati.

Kigogo wa Buza
Unalipwa kwa saa? Andika kadi. Nimemaliza.

Mama Ashura
Usimwambie, mwanangu. Bibi yetu pale Pangani alipoanza kusahau alikuwa anamuulizia babu kila jioni. Mjomba, kwa kujifanya mkweli, akawa anamjibu "babu alishakufa". Bibi anaangua kilio kama ndiyo msiba umeingia leo, anavua hereni, anataka akae chini kwenye mkeka. Kesho yake kasahau, anauliza tena, msiba unaanza upya. Mwisho mama akampiga marufuku mjomba, tukawa tunasema kaenda shamba. Na huyo mjomba ndiye baadaye aliyeuza lile shamba bila kutushirikisha, lakini hayo tuyaache.

Mtumishi Elisha
Uongo hauna mkubwa wala mdogo. Amri ya tisa iko wazi. Mwambie ukweli, mwombee, umpe nafasi ya kutafakari mwisho wake mwenyewe.

Paroko Mstaafu
Kwetu Wakatoliki ni ya nane, mtumishi.

Mtumishi Elisha
Hesabu vizuri Kutoka 20.

Paroko Mstaafu
Nimehesabu tangu seminari.

Fundi Bomba
Wanaume wenzangu, acheni amri, ongeleeni tezi dume. Mzee wangu alikuwa anaamka usiku kwenda haja ndogo, anarudi, hajalala vizuri anaamka tena. Tukimwambia twende hospitali anasema ni uzee. Alipoanza kulalamika mgongo tukajua anazeeka kweli. Kumbe jamaa ameshahamia kwenye mifupa. Wengi humu wanaogopa kile kidole cha daktari, ndiyo maana hawaendi. Kipimo cha kuanzia ni damu tu, inaitwa PSA. Ikiwa juu siyo lazima iwe saratani, tezi ikivimba tu inapanda, lakini unakuwa umejua pa kuanzia. Huyo Sandberg alikuwa na hela na madaktari wa Marekani na bado alikutwa imeshasambaa. Wewe wa Mbagala unasubiri nini?

Azania Veterani
Nimefurahi kuona besiboli humu. Wengine tumeucheza pale Azania, Wajapani walituletea magongo na glavu, tukawa tunaambiwa tunacheza rede ya wakubwa. Nikuongezee, Fundi: kuna mwamba mwingine, Tony Gwynn wa San Diego Padres, alikufa 2014 kwa saratani ya tezi ya mate, ana miaka 54 tu. Mwenyewe aliamini ni ile tumbaku ya kuweka mdomoni aliyoitumia tangu ujana. Mnaobana kuberi kwenye mdomo wa chini na kutema kwenye chupa za maji, mjipime.

Kigogo wa Buza
Kuberi imeingiaje hapa tena? 😂

Nesi wa Minnesota
Mleta mada, nafanya kazi kama yako. Binti wa mzee ameshatoa uamuzi na wewe unaufuata. Sasa usingizi unakukosesha nini? Na hizo kadi za karibu miaka miwili, mzee hajawahi kuuliza kwa nini hajibiwi?

Boksi la Illinois
Aliuliza. Ikapita. Dada, mimi naomba ushauri wa kumwambia au kutomwambia.

Nesi wa Minnesota
Ikapitaje?

Chalii wa Ngarenaro
Dada kashika koo. Ngoja nivute kigoda.

Boksi la Illinois
Sawa. Ni hivi. Machi 2025 mzee aligoma kula. Anasema Sandberg amemdharau, mtu amemwombea mwaka mzima hata neno moja hapati. Siku ya pili uji anausukuma na kijiko chake. Nikaandika jibu. Sentensi chache tu: nimepata kadi zako, asante kwa maombi, hata mimi ile siku ya Sutter bado siiamini. Nikaweka saini, nikaifuatisha kutoka kwenye ile kadi yake ya picha ya mchezaji. Mzee alikula siku hiyo mpaka akaomba aongezewe. Barua anaiweka kwenye mfuko wa nailoni chini ya mto wa kiti, kila mgeni lazima aisome kwa sauti.

Kabla hamjanishambulia: sikuchukua senti ya mtu. Mtu hali, nimfanyeje? Nimuandikie kwenye daftari la zamu "amekataa chakula" halafu niende zangu?

Tatizo ni mkwe wake. Tangu Sandberg afariki anasema barua ya mkono yenye saini ya mtu wa Hall of Fame, lile jumba la heshima la magwiji wa besiboli, ina thamani, anataka kuipeleka ikathibitishwe ili iuzwe isaidie gharama za mzee. Anakuja Jumamosi.

Chalii wa Ngarenaro
Eeeeh! Kumbe mgonjwa wa uzi huu ni wewe.

Nesi wa Minnesota
Hapo sasa tumefika. Habari ya kumwambia mzee ilikuwa danganya toto.

Wakili Msomi Kariakoo
Nikushauri bure. Kumfariji mzee kwa barua ni jambo moja. Saini ya bandia ikiingia sokoni ni jambo jingine, na Marekani hawachezi nalo. Miaka ya 1990 FBI walikuwa na Operation Bullpen, waliangusha genge zima la saini feki za wanamichezo, watu wakaenda jela, na upelelezi wa mwanzo mwanzo ulifanyika hapohapo Chicago. Wathibitishaji wanalinganisha mwandiko herufi kwa herufi. Hiyo barua itarudi na jibu moja, na swali litakalofuata ni nani alikuwa na kalamu kwenye nyumba ile. Ongea na binti kabla ya Jumamosi.

Boksi la Illinois
Nashukuru mkuu, ila nina njia yangu. Nimeshanunua karatasi inayofanana. Ijumaa namwagikiwa na chai juu ya ile barua, bahati mbaya, halafu namuandikia mzee nyingine ya kuagana isiyo na saini. Mkwe anakosa cha kuuza, mzee anabaki na barua yake. Nani ameumia?

Kigogo wa Buza
Chai uliyoimwaga humu haitoshi, unataka kumwaga na huko?

Mpelelezi wa Nyuzi
Nilikuwa nasubiri mtu aseme. Wakuu, hii ni chai, tena ya mkandaa. Nimefukua nyuzi zake za zamani. 2023 alikuwa dereva wa lori Texas, analia kupigwa faini ya mzani. Leo analea wazee Illinois. Mzee anasahau jina lake lakini hasahau barua? Na mkwe wa Kizungu anapita mpaka chini ya mto wa kiti kutafuta mali? Hiyo ni tamthilia ya saa tatu usiku. Bila picha ya barua sichangii.

Mama Ashura
Mimi nimetoa ushauri wangu mpaka na siri ya shamba. Kama ni uongo nitakuapiza.

Boksi la Illinois
Lori niliacha mgongo ulipogoma, shemeji akanivuta huku, nikasomea cheti cha uuguzi msaidizi. Picha ya barua siweki, mtu asije akaichukua kwenye mtandao akaanza kuiuza yeye. Uzi wa msaada mnaugeuza mahakama.

Mpelelezi wa Nyuzi
Jibu la haraka hivyo huwa limeandaliwa.

Mswahili wa Rogers Park
Mimi nipo Chicago. Ya barua siyajui, ila ya mchezaji yako sawa. Sanamu yake waliizindua nje ya Wrigley tarehe 23 Juni 2024, miaka 40 kamili tangu ile mechi ya Sutter, naye alikuwepo mwenyewe akiwa mgonjwa. Watu wazima wenye mvi walikuwa wanalia mitaa ya Clark na Addison kama wamefiwa na kaka. Mimi nilikwenda kuuza maji, nikajikuta nimenunua fulana ya 23. Na kuhusu wazee kusahau, baba mwenye nyumba wangu hajui leo ni siku gani ila anataja kikosi cha Cubs cha 1984, mtu baada ya mtu. Yanawezekana.

Nesi wa Minnesota
Ni kweli, ya zamani ndiyo hukaa. Ila barua ya Machi 2025 siyo ya zamani.

Mpelelezi wa Nyuzi
Asante, dada.

Boksi la Illinois
Anaikumbuka kwa sababu ipo chini yake, anaikalia! Akiivuta anaiona upya, anafurahi upya. Ndiyo maana sitaki iende popote.

Wakili Msomi Kariakoo
Kweli au chai, ushauri wangu ni uleule. Na hiyo karatasi mpya usiiguse. Ya kwanza unaweza kusema ulikuwa unamlisha mzee. Ya pili, mtu mwenyewe yuko kaburini, utasema ulikuwa unafanya nini?

Boksi la Illinois
Nimempigia binti leo mchana. Sikumwambia nani ameandika. Nimemwambia mzee akivuliwa ile barua atarudi kugoma kula, kwa hiyo mume wake aiache. Amekaa kimya kidogo, akasema atazungumza naye. Halafu akauliza, "Kwani wewe unadhani ni ya kweli?" Nikasema mzee anadhani hivyo. Akacheka, akakata simu.

Nesi wa Minnesota
Anajua. Huyo anajua tangu zamani.

Mtumishi Elisha
Bado ni uongo.

Paroko Mstaafu
Wa amri ya nane.

Fundi Bomba
Kuna aliyekwenda kupima toka nilivyoandika pale juu?

Chalii wa Ngarenaro
Mkuu Boksi, samahani natoka nje ya mada. Hicho cheti cha uuguzi msaidizi kinachukua muda gani, na hao wazee wanaajiri mtu ambaye besiboli hajui? Naomba konekshen, nicheki inboksi.