Mama ametolewa rovu Ijumaa, leo mkono umejikunja wenyewe akipimwa presha. Hii ni nini?

binti_wa_makete

Habari zenu wakubwa kwa wadogo, naombeni msaada wa haraka kwa mwenye uelewa maana hapa nyumbani tumechanganyikiwa.

Mama ana miaka 58. Rovu alikuwa nalo tangu sisi wadogo, mwanzo lilikuwa kama yai tu anafunika na kitenge maisha yanaenda, ila miaka hii miwili likaanza kumbana koo, akilala chali anakoroma kama anakabwa, ugali haupiti mpaka ashushie na maji, ndio tukakubaliana afanyiwe operesheni. Ijumaa wakalitoa lote pande zote mbili, Jumatatu tukaruhusiwa, tukapewa levothairoksini mikrogramu 100 kila siku na dokta akasema hiyo ni ya maisha yake yote.

Sasa jana usiku akaanza kulalamika midomo imekufa ganzi na ncha za vidole zinamchomachoma, tukadhani ni baridi ya huku tukampa chai ya moto akalala. Leo asubuhi jirani yetu ambaye ni nesi mstaafu kaja kumjulia hali na mashine yake ya presha, kafunga ule mkanda kapampu, haikupita hata dakika tatu mkono wa mama ukajikunja wenyewe, kidole gumba kimeingia kiganjani na vile vingine vimenyooka vimebanana, yaani kama mtu anayeingiza mkono kwenye kibuyu chenye mdomo mwembamba, mama analia anasema siukunji mimi unajikunja. Alipofungua mkanda ukaachia taratibu. Jirani anasema turudi hospitali, shangazi anasema huu ni mkono wa mtu tumpeleke kwingine kwanza. Na mimi najiuliza kama rovu ndio lilikuwa ugonjwa na limetoka, kidonge cha maisha cha nini tena?

nesi_wa_zamu

Dada pole sana, msikilize jirani yako na muondoke SASA HIVI, mengine utasoma njiani. Hiyo ni kalsiamu imeshuka kwenye damu. Mkifika msikae foleni, waambieni hivi: ametolewa tezi ya thairoidi yote siku tano zilizopita, ana ganzi ya midomo na mkono umejikunja wakati wa kupimwa presha. Watajua wafanye nini, watampima kalsiamu na wakiona iko chini watampa ya mshipani polepole huku wanamwangalia moyo. Ikiachwa ikashuka zaidi koo linaweza kubana ashindwe kupumua au apate degedege, kwa hiyo sio ya kusubiri kesho. Mbebe na dawa zote alizopewa na karatasi ya kuruhusiwa.

binti_wa_makete

Asante dada, tumepata bajaji tuko njiani. Shangazi kakubali amekuja na sisi.

nesi_wa_zamu

Safi. Sasa nikueleze ukiwa umekaa hapo, na umweleze na shangazi.

Tezi ya thairoidi iko mbele ya koo, ina mabawa mawili kama kipepeo. Nyuma ya yale mabawa kuna vitezi vingine vidogo sana, kwa kawaida vinne, kila kimoja kama punje ya mchele, vinaitwa parathairoidi. Majina yamefanana ila kazi haziingiliani kabisa. Thairoidi inaamua mwili uende kasi gani, vile vidogo vinalinda kalsiamu ya kwenye damu isishuke. Vikiona imepungua vinamwaga homoni yao, homoni inaenda kuchukua kalsiamu kwenye mifupa, inaiambia figo usiimwage kwenye mkojo, halafu inaiamsha vitamini D ili utumbo uvune zaidi kwenye chakula. Watu wengi wakisikia kalsiamu wanawaza meno na mifupa tu, kumbe hiyo kidogo inayotembea kwenye damu ndio inatuliza neva, ikipungua neva zinaanza kujiwasha zenyewe, ndio hayo machomachoma ya midomo na vidole. Ule mkanda wa presha ukibana damu mkononi, neva ambazo tayari zimekasirika zinashindwa kuvumilia na misuli inajikaza. Dalili hiyo ina jina la daktari wa Kifaransa wa karne ya 19, Trousseau, na mkono unakaa vilevile ulivyoandika. Nimeshauona kwa macho yangu wodini na uliposema kibuyu nikajua.

Mara nyingi sio kwamba daktari kakosea. Rovu likikaa miaka mingi likawa kubwa linavisukuma vile vidogo huku na huku, kuviona ni kazi, na mishipa ya damu inayovilisha ni myembamba mno, vikiguswa tu vinazimia. Wengi vinaamka baada ya wiki au miezi, wachache haviamki wanaendelea na dawa. Ila kinachonikera ni mgonjwa kuruhusiwa bila mtu kumwambia ukisikia ganzi ya midomo rudi siku hiyohiyo. Sentensi moja tu hiyo jamani.

mzee_wa_koo

Mimi nimetolewa thairoidi mwaka wa nane sasa, ngoja nijibu la kidonge maana na mimi niliuliza hivyohivyo.

Rovu ni tezi iliyovimba, lakini hata ikiwa imevimba bado ilikuwa inafanya kazi. Ukiitoa yote hakuna kiungo kingine kinachotengeneza ile homoni. Jambo hili lilijulikana kwa maumivu. Kule Uswisi kulikuwa na rovu nyingi sana milimani, daktari mmoja anaitwa Theodor Kocher akawa bingwa wa kuzitoa, mwaka 1883 akaeleza kwamba wagonjwa wake aliowatoa tezi nzima walikuja kuwa wazito, wamevimba uso, wanasikia baridi, akili imepoa. Alipoona hivyo akaacha kuitoa yote kwa rovu za kawaida, na 1909 akapewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya tezi hii. Mwaka 1891 Mwingereza George Murray akamchoma mama mmoja mwenye hali hiyo sindano ya maji yaliyokamuliwa kwenye tezi ya kondoo, yule mama akarudi kuwa mtu na akaishi miaka 28 zaidi. Kidonge cha mama yako ni homoni hiyohiyo ila inatengenezwa maabara.

Sasa namna ya kunywa, na hapa ndipo nilipoumia mimi. Nilikuwa nakunywa na chai ya maziwa pamoja na vidonge vya kalsiamu mkupuo mmoja, miezi minne nashindwa kupanda ngazi, nywele zinatoka, kumbe kalsiamu inaishika ile dawa tumboni haiingii. Na mama yako sasa hivi atapewa kalsiamu nyingi kwa hiyo zingatieni. Levothairoksini saa 11 alfajiri na maji matupu, chai saa 12 na kuendelea, kalsiamu isiguse kabla ya saa 3 asubuhi yaani masaa manne yapite, mimi ya kwanza nakunywa saa 4. Dawa za kuongeza damu zenye madini ya chuma nazo hivyohivyo. Halafu msikate tamaa wiki ya kwanza mkiona hana nguvu, dawa hii inajijenga taratibu, kipimo cha damu kinachoitwa TSH, kinachoonyesha kama dawa inatosha, kinarudiwa baada ya wiki 6 hivi ndio wanajua waongeze au wapunguze.

mama_wa_bukavu

Jambo bandugu. Mi naandikia huku Bukavu, pole sana kwa mama. Dada wa Makete, kama na nyie wengine mna shingo zinavimba muangalie chumvi, iwe ile yenye madini joto. Kwetu iko kisiwa kinaitwa Idjwi katikati ya ziwa Kivu, zamani kaskazini ya kisiwa watu wengi sana walikuwa na goita, ndio rovu, na kusini-magharibi wachache, madaktari wa Ubelgiji wakachunguza kuanzia miaka ya 60 wakakuta madini joto yamepungua kote sawasawa, tofauti ilikuwa mihogo. Muhogo mchungu usiposafishwa vizuri unaacha sumu, mwili ukiisafisha ile sumu kunabaki kitu kinachozuia tezi isichukue madini joto, na kama hayo madini yenyewe ni machache tezi inavimba ikiyatafuta. Mihogo tunakula mpaka leo ila tunaloweka siku tatu, na chumvi tunanunua ya paketi.

nesi_wa_zamu

Mama wa Bukavu umesema kweli. Niongeze tu chumvi yenye madini joto usiianike juani wala kuiacha wazi kwenye moshi wa jikoni, weka kwenye kopo lenye mfuniko na uitie mboga ikikaribia kuiva. Kwa mtu mzima mikrogramu 150 kwa siku zinatosha, mjamzito 250, na mjamzito ndiye wa kuangaliwa zaidi maana ubongo wa mtoto tumboni unategemea homoni hii. Ila rovu kubwa la miaka 20 chumvi haiwezi kuliondoa tena.

binti_wa_makete

Samahani kwa kuchelewa simu iliisha chaji. Tulipofika nikasema kama ulivyoniandikia, neno kwa neno, wakamchukua pale pale. Kalsiamu ilikuwa chini sana. Wamempa ya mshipani taratibu, kama robo saa mbele akasema "midomo imerudi", ndio maneno yake. Tumelazwa, wameanza na vidonge vya kalsiamu na vitamini D, kesho asubuhi wanapima tena. Shangazi ndiye amelala naye wodini, nimemwandikia kwenye karatasi saa 11 kidonge, saa 12 uji, saa 4 kalsiamu, ameibandika ukutani pembeni ya kitanda.

Mzee wa koo swali moja, uji wa ulezi wenye maziwa saa 12 una shida?

mzee_wa_koo

Tumshukuru Mungu. Wiki hizi za mwanzo apike bila maziwa, maziwa ayanywe mchana.