Hedhi haijabadilika, lakini FSH imepanda: je, mayai bado yapo?

Mwana wa Njiro (Arusha)
Habari zenu, ndugu zangu. Nina umri wa miaka 39, nilichelewa kuolewa, na tangu mwaka jana tunatafuta mtoto bila mafanikio. Hedhi yangu huja kwa wakati wake, nami niliamini kwamba hiyo inatosha kuonyesha kuwa uzazi uko salama, lakini juzi nimepimwa nikaambiwa kwamba FSH (homoni inayochochea yai lipevuke) imepanda na AMH (homoni inayoonyesha akiba ya mayai) iko chini. Naomba anayeelewa anieleze, maana mawifi wameanza kuuliza.

Mkunga Mstaafu (Moshi)
Pole, mwanangu. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, kati ya milioni 1 na 2, wala hatengenezi mengine. Anapovunja ungo hubakiwa na takriban 300,000 hadi 400,000, nayo huendelea kupungua kila mwezi, hata anapotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Vifuko vidogo vinavyobeba mayai ndani ya ovari ndivyo vinavyotoa AMH na homoni nyingine iitwayo inhibini, kwa hiyo vikipungua homoni hizo hushuka, na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, ikikosa inhibini ya kuizuia, humwaga FSH zaidi ili yai lipevuke. Ndiyo maana hedhi yako haijayumba: yai bado linapevuka, ila kwa msukumo mkubwa zaidi. (Msukumo huohuo huweza kupevusha mayai mawili kwa pamoja, na ndiyo sababu mojawapo ya mapacha kuongezeka kwa akina mama waliopita miaka 35.) Linalonipa wasiwasi zaidi ni ubora, kwa kuwa yai lina umri sawa na wako, na kadiri linavyozeeka ndivyo linavyokosea mara nyingi zaidi kugawa kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba), hata mimba ikakosa kushika au ikaharibika mapema.

Binti Meru
Shikamoo, mama. Mimi nilielezwa kwamba AMH ikishuka hakuna tena mimba ya kawaida, ni kupandikiza mimba hospitalini (IVF) tu. Je, ni kweli?

Mkunga Mstaafu (Moshi)
Marahaba, mwanangu. Si kweli. AMH hukadiria idadi ya mayai yaliyobaki na jinsi ovari zitakavyoitikia dawa za kupandikiza. Haipimi ubora wala haitabiri nani atashika mimba mwenyewe. Hata hivyo, Mwana wa Njiro, usingoje zaidi, kwa sababu aliyefikisha miaka 35 hushauriwa kumwona daktari baada ya miezi 6 ya kujaribu. FSH hupimwa siku ya 2 hadi ya 5 ya hedhi, kwa hiyo uliza kama yako ilichukuliwa siku hizo. Mirija nayo ichunguzwe, maana maambukizi ya zamani huiziba bila maumivu yoyote.

Baba wa Wawili (Arusha)
Dada, mumeo ameshapima mbegu? Katika ndoa nyingi tatizo huwa upande wa mwanamume, au pande zote mbili, na kipimo chake ni rahisi kuliko vyote vilivyotajwa hapa.

Mwana wa Njiro (Arusha)
Bado hajapima, kaka. Nitazungumza naye leo, na mama, ahsante sana: damu yangu ilichukuliwa siku ya 12, kwa hiyo nitairudia hedhi ijayo.