Kampuni za mitindo ziache kuita "kutunza mazingira" hasara inayolipwa Kigoma

Wakuu, heshima kwenu.

Huu uongo wa "nguo rafiki kwa mazingira" umetuchosha. Mteja wa Ulaya anapeleka mfuko wa nguo chakavu dukani, anapewa vocha, na vocha hiyo inamrudisha kununua nguo mpya. H&M, kampuni ya nguo ya Sweden, walianza utaratibu huo kimataifa mwaka 2013, wengine nao wanao. Mteja anaondoka moyo mweupe. Nguo bora zinachambuliwa zibaki hukohuko, nyingine zinafungwa belo, zinapita Dar, zinasafiri zaidi ya kilomita 1,200 hadi Kigoma. Muuzaji wa Mwanga, mjini Kigoma, analipia belo likiwa limefungwa, na kilichomo ndani ni juu yake.

Sina ugomvi na mitumba. Shati la pamba tupu lilivaliwa na watu watatu bila kuchoka. Ninachopinga ni nguo iliyoshonwa idumu msimu mmoja, kisha mteja anaambiwa itapata maisha ya pili.

Angalieni jinzi. Lebo sasa inasoma asilimia 2 au 3 ya elasteni, ule uzi unaovutika. Uzi huo hauvumilii jiki wala joto kali, na pasi ya mkaa haina kipimo. Pamba inahimili nyuzijoto 200 za Selsiasi. Elasteni inaharibika kabla ya hapo. Ndiyo maana magoti yanatuna na kiuno kinalegea, na hakuna fundi wa kuufufua uzi uliokatikia ndani ya kitambaa. Polyesta nayo, uzi wa plastiki, inabaki na mng'ao palipopita pasi, joto likizidi inayeyuka na kuganda kwenye bati.

Waulizeni mafundi cherehani. Nguo iliyoshonwa vizuri ina akiba ya sentimita moja na nusu au mbili ubavuni: unafumua, unaongeza, mteja anavaa. Hizi za sasa ni ovaloki tupu, nusu sentimita. Ukifumua huna pa kupitisha sindano. Kola zina gundi ya bei rahisi, zikifuliwa mara chache zinafura mapovu na hazirudi. Fulana nyingine zimekatwa mshazari ili kubana kitambaa mezani, mshono wa ubavu unazunguka kuelekea kitovuni.

Na "polyesta iliyorejelewa" wanayojisifia, nyingi inatoka kwenye chupa za plastiki, haitoki kwenye nguo kuukuu. Chupa ingeweza kurudi kuwa chupa. Ikishachanganywa na pamba kwenye shati, kuzitenganisha nyuzi hizo ni kazi ngumu na ya gharama.

Pigeni hesabu. Belo la kilo 45, shati moja gramu 250, ni mashati 180. Robo yasipouzika ni mashati 45, na nauli yake imeshalipwa. Yakiwa ya pamba utayauza matambara ya gereji. Polyesta hainyonyi maji kama pamba, tambara lake ni duni! Inaishia kuchomwa jalalani, watoto wa jirani wavute moshi wa plastiki.

Tangu Januari 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo chakavu kando na taka nyingine. Zitakazokosa mnunuzi huko zitaletwa wapi? Msiniambie haiwezekani kufanya vingine: Patagonia, kampuni ya nguo ya Marekani, wanakarabati nguo zao na kuuza tena zilizotumika. Kampuni iliyoshona ndiyo ibebe mzigo.

Wanunuzi, msilipe kwa kuangalia maandishi ya belo. Dai sampuli, chomoa uzi, uchome. Pamba inanuka karatasi na majivu yake yanasagika. Polyesta inajikunja na kuacha punje ngumu nyeusi. Kitambaa cha mchanganyiko kinaacha vyote viwili. Vuta kiuno cha jinzi uachie, kisiporudi haraka, achana nayo.

Waagizaji mliomo humu, jibuni: mnaandika "gredi ya kwanza" kwa herufi kubwa, kwa nini hamwandiki kama ni pamba au polyesta?