Mjadala: Jumba la Taifa la Maonyesho Kampala, livunjwe au likarabatiwe?

Ndugu zangu, nauleta mjadala huu kwa sababu hoja ya kulivunja jumba letu la maonyesho ili pajengwe ghorofa refu la maduka na ofisi haijafa. Wasanii wakiipinga, inatulia kidogo, kisha inaibuka tena. Wanaoiunga mkono wanasema kiwanja kiko katikati ya mji, jirani na Bunge, na ukumbi usiofika viti 400 hauwezi kujiendesha.

Mimi nasema lisivunjwe. Lilifunguliwa Desemba 1959, Mwingereza akiwa bado anatutawala. Novemba 1962, uhuru ukiwa na mwezi tu, ndipo hapo ilipochezwa The Black Hermit ya Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo mwanafunzi wa Makerere. Halafu kuna Byron Kawadwa, mkurugenzi wa jumba hilo, aliyeandika na kuongoza michezo ya Kiganda. Mwaka 1977, aliporudi na kundi lake kutoka tamasha la FESTAC kule Lagos, watu wa Idi Amin walimteka wakamuua. Leo tumwambie nani kwamba mahali alipofanyia kazi thamani yake ni kodi ya maduka?

Lakini suala la mapato ni la kweli, siwezi kulikwepa. Nyuma ya jumba kuna soko la kazi za mikono: ngoma, vikapu, nguo za magome ya mutuba. Watalii wanafika pale mchana. Basi wauziwe tiketi ya kutembezwa ndani, wapande jukwaani, waone picha za Kawadwa na wenzake, waelezwe habari za ule ukuta wa mbele wa zege lenye matundu. Na mgeni hali historia: anataka choo kisafi, njia ya mteremko kwa mwenye kiti cha magurudumu, mahali pa kunywa chai mvua ikinyesha, maelezo kwa Kiganda, Kiswahili na Kiingereza. Hayo yote hayakaribii gharama ya ghorofa.

Makumbusho ya Uganda pale Kitante nayo yalipangiwa mnara wa ghorofa 60. Wananchi wakaenda mahakamani mwaka 2011, na jengo lipo hadi leo.

Mnaotaka ghorofa, nijibuni: ujenzi ukiendelea wasanii wataigizia wapi, na nani ataweka sahihi kwamba kodi ya ukumbi mpya haitawashinda?