Je, benki inaruhusiwa kukataa kumpa mteja kiasi kidogo cha fedha dirishani?

Binti wa Mbinga

Ndugu zangu, naomba maelezo kutoka kwa wenye uzoefu wa mambo ya benki au ya sheria. Mama yangu ana umri wa miaka 71, ni mkulima wa kahawa wilayani Mbinga, na ana akaunti ya akiba katika benki moja ambayo sitaitaja jina. Akaunti hiyo hakuifungua kwa kupenda kwake. Chama chetu cha msingi kilipoanza kuwalipa wakulima kupitia benki, kila mwanachama alitakiwa awe na akaunti ndipo apate malipo yake. Tangu hapo amekuwa akienda mjini kila baada ya wiki mbili au tatu, anajaziwa fomu ya kutolea fedha, anaonyesha kitambulisho chake cha NIDA, anapewa shilingi 40,000 au 50,000 za matumizi ya nyumbani, kisha anarudi kijijini.

Mwezi uliopita alipofika dirishani aliambiwa kwamba tawi hilo halitoi tena kaunta kiasi kilicho chini ya shilingi 200,000, na kwamba kiasi kama chake kinatolewa kwenye ATM au kwa wakala. Kadi ya ATM anayo, lakini hajawahi kuitumia, kwa sababu macho yake hayaoni vizuri maandishi ya kwenye kioo cha mashine, nami nimekuwa nikimsisitiza kila siku asimtajie mtu yeyote namba yake ya siri. Wakala wa kwanza alimwambia hana keshi. Wa pili alijaribu alama za vidole mara nne na mashine ikakataa mara zote nne, kwa kuwa vidole vya mama vimesuguliwa na mpini wa jembe kwa zaidi ya miaka hamsini. Alirudi nyumbani mikono mitupu, akiwa amekwisha kulipa shilingi 10,000 za bodaboda kwenda na kurudi, fedha alizokuwa amezikopa kwa jirani kwa ahadi ya kuzirudisha jioni ileile.

Najua wapo watakaouliza kwa nini asitoe laki mbili kwa mkupuo. Baada ya mauzo ya kahawa anaweza, ingawa mwanamke mzee anayeishi peke yake hapendi kulala na laki mbili ndani ya nyumba. Lakini ikifika miezi ya kabla ya mavuno, salio lake lote haliifikii hiyo laki mbili, na maana yake ni kwamba fedha zilizomo ni zake kwa maandishi tu, wala hawezi kuzigusa pale zilipo.

Nauliza: je, benki ina haki ya kuweka kima cha chini cha kutoa fedha dirishani? Kama inayo, haikupaswa kumjulisha mapema? Na mtu wa hali ya mama yangu afanye nini?

Mstaafu wa Kaunta

Binti yangu, pole sana, na mama mpe pole zangu. Nilikaa nyuma ya dirisha la benki tangu enzi za Benki ya Taifa ya Biashara, kabla haijagawanywa mwaka 1997, kwa hiyo nitakueleza mambo yanavyoonekana kutoka upande ule wa kioo, kisha nitakueleza mahali ambapo naona wenzangu walimkosea mama yako.

Kumhudumia mtu anayetoa shilingi 20,000 kunachukua muda uleule wa kumhudumia anayetoa milioni mbili, ukiacha kuhesabu noti. Fomu inakaguliwa, kitambulisho kinalinganishwa na taarifa zilizomo kwenye mtambo, sahihi inatazamwa, muamala unaingizwa, fomu inagongwa mhuri, na jioni karatasi hiyo lazima ioane na hesabu za siku nzima kabla ya mtu yeyote kwenda nyumbani. Siku za mishahara na za malipo ya mazao, tawi dogo lenye madirisha matatu linaweza kuwa na foleni inayotoka hadi nje ya mlango, na sehemu kubwa ya foleni hiyo ni watu wanaotoa kiasi kidogo. Wakuu wa benki wakiitazama foleni hiyo wanaona gharama, na tangu Benki Kuu ilipotoa mwongozo wa uwakala wa benki mwaka 2013 wamekuwa na mahali pa kuipeleka. Sisemi kwamba wanafanya hivyo kwa ubaya. Kijana mwenye kadi na macho mazuri anahudumiwa haraka zaidi nje kuliko ndani, na akiondoka kwenye foleni anampisha mwingine.

Kosa linaanza pale ambapo agizo la kupunguza foleni linageuzwa ukuta. Katika matawi niliyofanya kazi, maagizo ya namna hii yalikuwa maelekezo kwa wahudumu kwamba wamshauri mteja atumie njia nyingine, na msimamizi wa kaunta alikuwa na mamlaka ya kuruhusu mzee, mgonjwa, mlemavu au mtu ambaye kadi yake imeharibika ahudumiwe dirishani kwa kiasi chochote. Mhudumu kijana, aliyeajiriwa mwaka huu na kuogopa kuulizwa, ataisoma namba 200,000 kama alivyoipokea na kumwambia mama arudi nyumbani. Kwa hiyo mara nyingine msiishie dirishani. Ombeni kumwona msimamizi wa kaunta, na akishindwa yeye, meneja wa tawi. Nenda naye wewe mwenyewe ukiweza, asubuhi, katikati ya mwezi.

Jambo jingine ambalo vijana wanaopanga taratibu hizi hawalifikirii: mashine za ATM hutoa noti kubwa, za 10,000 na pengine za 5,000. Mwenye salio la shilingi 4,000 mashine haimsaidii kabisa.

Wakala wa Sokoni

Dada, mimi ni wakala, ingawa si wa Mbinga. Watu hutulaumu tukisema hatuna keshi, basi nieleze keshi inavyokwisha. Wakala anafanya kazi kwa mtaji wake mwenyewe, nusu ukiwa floti kwenye akaunti na nusu ukiwa noti mkononi. Mteja akiweka fedha, noti zinaongezeka na floti inapungua. Akitoa, noti zinapungua na floti inaongezeka. Mjini kwenye maduka mengi, wanaoweka na wanaotoa hukaribiana, na droo inajijaza yenyewe. Sehemu za wakulima siyo hivyo. Malipo ya mazao yakiingia, wote wanatoa na hakuna anayeweka, kwa hiyo kufika saa sita mchana nimebaki na floti tele na droo tupu. Ili nipate noti inanibidi nifunge duka niende kwenye tawi lilelile lililomfukuza mama yako, nipange foleni ileile, kisha nirudi na mfuko wa fedha barabarani huku nikiomba Mungu. Kwa kamisheni tunayopata kwa muamala wa shilingi 40,000, wapo wanaoona ni heri kumwambia mteja aje kesho.

Kuhusu vidole, aombe tawini wamsajili upya vidole vingine, hasa vya mkono asioutumia sana. Nimewaona wakulima na mafundi uashi ambao kidole gumba kinakataa kabisa lakini kidole cha pete kinasoma mara ya kwanza.

Tena mwambie mama kwamba makato ya kutoa hukatwa na mtambo kutoka kwenye akaunti yake moja kwa moja. Wakala hana ruhusa ya kudai fedha nyingine mkononi, na mteja ana haki ya kupewa risiti kila mara. Akidaiwa "ya soda", akatae.

Mwanasheria wa Mkoani

Ndugu mwuliza swali, naomba nijibu maswali yako mawili ya kwanza, maana wengi hulijibu la kwanza kwa hoja isiyo sahihi. Husemwa kwamba noti ni fedha halali, hivyo benki haiwezi kukataa kuitoa. Uhalali wa noti unahusu kupokelewa kwake katika kulipa deni, na hausemi lolote kuhusu dirisha gani litumike au saa ngapi.

Hoja yenye nguvu iko kwingine. Tangu shauri la Foley dhidi ya Hill, lililoamuliwa Uingereza mwaka 1848, msimamo wa sheria ambao mahakama zetu zimerithi ni kwamba fedha ukishaziweka benki zinakuwa za benki, nayo inakuwa mdaiwa wako. Katika shauri la Joachimson dhidi ya Swiss Bank Corporation la mwaka 1921, Mahakama ya Rufani ya huko huko ilieleza zaidi: benki inawajibika kulipa mteja anapodai, na dai hilo hupelekwa kwenye tawi lenye akaunti katika saa za kazi. Kwa hiyo mahali pa asili pa kudai fedha zako ni tawini. ATM na wakala ni njia zilizoongezwa baadaye kwa urahisi wa pande zote mbili, na mwenye kusema kwamba njia ya asili imefungwa ndiye anayepaswa kuonyesha kilipoandikwa kibali cha kuifunga.

Kibali hicho kinaweza kuwepo, kwa kuwa uhusiano huu ni wa mkataba, na mkataba unaweza kuweka masharti. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kuomba nakala ya masharti ya akaunti ambayo mama yako aliyawekea sahihi, na kutazama kama kima cha chini cha kutoa kimetajwa au kama benki imejipa uwezo wa kukiweka baadaye. Hata kama imejipa uwezo huo, Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinamtaka mtoa huduma aeleze masharti na gharama zake kwa uwazi na kwa namna inayoeleweka. Tangazo linalotolewa kwa mdomo na mhudumu, mama akiwa tayari amefika dirishani, mimi silioni kuwa taarifa.

Nashauri muandike barua fupi kwa meneja wa tawi, mkitaja tarehe, kiasi alichoomba, jibu alilopewa, na sababu zinazomfanya ashindwe kutumia ATM na wakala. Iwe na nakala mbili, yenu igongwe mhuri wa kupokelewa. Msiporidhika na majibu, kanuni hizo zinawaruhusu kupeleka lalamiko Benki Kuu, lakini ni lazima muwe mmeanzia kwenye benki yenyewe, na ile nakala yenye mhuri ndiyo itakayothibitisha hivyo.

Ongezeni hoja moja ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote: ikiwa salio liko chini ya kima kilichowekwa, na njia nyingine zimeshindikana, benki imekataa kulipa deni lote. Hilo haliwezi kuitwa utaratibu wa foleni.

Msomaji wa Nairobi

Kwetu Kenya benki nyingi hazikukatazi kutoa kiasi kidogo kwenye kaunta. Zinakutoza tu ada iliyo juu kuliko ile ya ATM au ya ajenti, hadi wewe mwenyewe unaamua kwenda kwa ajenti. Benki Kuu yetu iliruhusu maajenti wa benki mwaka 2010, wakati ambapo watu walikuwa wamekwisha kuzoea kutoa pesa dukani kupitia M-Pesa tangu mwaka 2007, kwa hiyo mabadiliko hayakutushtua sana. Hata hivyo ada isiyobadilika humwumiza mnyonge: tuseme ni shilingi 100, basi anayetoa 1,000 amekatwa asilimia 10 na anayetoa 50,000 amekatwa sehemu ndogo mno ya asilimia moja.

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki, Sura ya 488, kinaizuia benki kupandisha ada zake bila idhini ya Waziri. Nimeona niitaje kwa sababu kima cha chini cha kutoa si ada, na sheria inayodhibiti bei pekee haikigusi. Mkiandika barua yenu, msijifunge kwenye suala la makato.

Binti wa Mbinga

Nawashukuru nyote, na wewe mzee wangu wa kaunta shikamoo.

Tulikwenda jana na barua yenye nakala mbili. Msimamizi wa kaunta alisema mwanzoni kwamba agizo limetoka makao makuu na yeye hana la kufanya. Tulipoomba kuonyeshwa agizo hilo, au kifungu cha masharti ya akaunti kinacholiruhusu, alitupeleka kwa meneja. Meneja aliisoma barua yote, akamwuliza mama mwenyewe maswali machache kwa upole, kisha akasema kwamba agizo linahusu wateja wenye uwezo wa kutumia njia nyingine na kwamba mhudumu alipaswa kumwita. Mama alipewa shilingi 50,000 palepale, na kwenye taarifa za akaunti yake imeandikwa kwamba ahudumiwe dirishani kwa kiasi chochote. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vimesajiliwa upya, na viwili vimesoma.

Niliomba jambo moja zaidi: kwamba maelezo hayo ya wazee na wasioona vizuri yabandikwe ukutani, karibu na mlango, kwa maandishi makubwa ya Kiswahili, kwa sababu kwenye foleni ya jana niliwaona wazee wengine watatu wa kijiji chetu, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na barua mkononi. Meneja alisema ombi hilo ni la makao makuu. Nimeliandika leo, nakala mbili, na Jumatatu nitalipeleka likagongwe mhuri.