Tupeane uzoefu: kibali na ushuru wa bango la biashara, wewe ulipitia nini?

Mwenye saluni, Dar (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za leo. Naomba uzi huu tuutumie kupeana uzoefu wa bango la biashara: kibali, ushuru, vipimo, na nani hasa wa kumwona. Naanza na langu.

Nilifungua saluni mwezi wa tatu. TIN ninayo, leseni ninayo, nimeitia kwenye fremu ya kioo nikaitundika juu ya kioo kikubwa ili kila anayeingia aione. Bango nililichongesha kwa fundi wa kuchomelea: fremu ya engo (vyuma vya pembe), flexi (turubai la plastiki lililochapishwa), futi 8 kwa 4, taa mbili juu. Jumamosi tukalipandisha, usiku likawaka, nikapiga picha nikamtumia mama.

Wiki ya sita wakaja maofisa wawili wa halmashauri, mmoja kashika futi kamba. Wakanisalimia vizuri tu. "Mama, kibali cha bango kiko wapi?" Nikawaonyesha leseni ukutani. Wakaniambia leseni ni ya biashara, bango lina lake. Nilikuwa na mteja kichwani, dawa imeshakolea, siwezi kumwacha. Nikaendelea kusuuza nywele huku nasikia nje wanasomeana vipimo kwa sauti, na majirani wa fremu za pembeni wametoka kuangalia. Waliandika kwamba lina taa, maana bango lenye taa bei yake iko juu ya lisilo na taa. Nikaachiwa notisi ya siku 14, ushuru pamoja na faini ya kutundika bila kibali.

Kilichoniuma ni kwamba siku nafuatilia leseni nilikaa ofisi hiyohiyo saa tatu nzima, na hakuna aliyeniuliza kama nitaweka bango. Ningeambiwa ningelipa siku ileile.

Nilipokwenda kuomba kibali nilitakiwa kupeleka barua ya maombi, nakala ya leseni na TIN, mkataba wa pango, barua ya mwenye nyumba kuniruhusu kutoboa ukuta wake, picha ya mahali bango lilipo, na mchoro wenye vipimo na maneno yote yatakayoandikwa. Ukikamilisha unapewa namba ya malipo, unalipia kwa simu au benki. Usimpe mtu fedha mkononi, hata akija na koti la ofisi.

Jingine la kuangalia ni tarehe. Mimi nililipa Mei. Julai nikaletewa ankara nyingine, kwa sababu mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Yaani bango langu lilitumikia miezi miwili kwa malipo ya mwaka. Karibuni.

Mchora mabango, Mwanza

Dada pole sana. Mimi kazi yangu ni hiyo ya kuchora, mwaka wa 17 huu, na naomba niseme upande wetu mafundi. Mteja akija anataja jina la duka na rangi anazotaka, basi. Zamani nilikuwa nachora tu. Sasa kabla ya kushika brashi namuuliza umeshauliza ushuru? Wengi hawajauliza. Namwambia aende kwa ofisa biashara na ukubwa anaoufikiria, aulize kwa kila mita ya mraba ni kiasi gani, ndipo arudi tupange. Nimeshapoteza kazi kwa sababu hiyo, mteja anaona namchelewesha anakwenda kwa mwingine. Sijali. Nimeona mabango yangu mwenyewe yakishushwa, na hiyo inauma zaidi.

Mambo ambayo nimeyaona kwa macho: bango la kusimama linalosomeka pande mbili lilipimwa pande zote mbili. Maandishi ya ukutani hawapimi herufi moja moja, wanazungushia mstatili kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Kwa hiyo ukiandika jina juu kabisa na namba ya simu chini kabisa ya ukuta, ule uwazi wa katikati nao umeununua. Sogeza maandishi pamoja. Kuna mama wa duka la dawa nilimpangia maneno yaleyale, ukubwa wa herufi uleule, tukashuka kutoka mita za mraba sita hadi tatu na nusu. Wapita njia walimsoma vilevile.

Mwenye duka la jumla, Kanda ya Ziwa

Mkuu hapo kwenye ukuta ndipo kilio changu kilipo. Kuna kampuni ya vinywaji ilikuja na vijana wao, wakanipakia rangi duka zima bure, nembo yao kubwa mbele, jina langu dogo chini kwenye kona. Nikafurahi, maana ukuta ulikuwa umechakaa. Ankara ilipokuja ilikuja kwangu, kwa ukuta mzima. Fedha hiyo ningeweza kununulia katoni ngapi za sabuni.

Nilizunguka mwezi mzima kati ya halmashauri na wakala wa kampuni. Mwisho wakala akanitolea nakala ya stakabadhi: walikuwa wamelipia maduka yote waliyopaka wilayani kwetu, ila duka langu kwenye orodha yao liliandikwa kwa jina la mume wangu, na leseni iko kwa jina langu. Jina tu. Ofisa alipoona hivyo akaifuta ankara, na namshukuru.

Kampuni ikija kukupakia rangi, waambieni waandike kwenye karatasi nani analipa ushuru na kwa miaka mingapi, na jina liwe kama lilivyo kwenye leseni. Mkataba ukiisha wafute nembo yao. Wasipofuta, mwaka unaofuata unaulizwa wewe mwenye duka.

Fundi magari, kando ya barabara kuu

Mimi niliteleza kwenye hifadhi ya barabara, yaani ile ardhi ya pembeni iliyotengwa kwa ajili ya barabara. Nilikuwa na kibali cha halmashauri, nimelipa, nina risiti. Nikasimika nguzo ya chuma karibu na lami ili madereva wa malori wanione mapema. Zege mifuko minne. Baada ya muda nikakuta alama ya X nyekundu kwenye nguzo, maana yake iondolewe.

Niliwaka, nikabeba risiti yangu nikaenda ofisi ya barabara. Nikaelimishwa. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, na kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kabla ya hapo ilikuwa mita 22.5, ndiyo maana wazee wa hapa kwetu bado wanatumia vipimo vya zamani. Kuna sehemu hifadhi ni pana kuliko hapo, kwa hiyo usikisie. Barabara za mitaani na za wilaya ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanza 2017. Kibali cha halmashauri hakikupi ruhusa ya kusimama kwenye ardhi ya barabara, huko unaomba kwa mwenye barabara.

Kosa lilikuwa langu, sikuuliza. Nilikata nguzo kwa gesi mwenyewe, zege likabaki pale chini hadi leo.

Mwanzisha uzi

Kaka asante, hili la mita 30 sikulijua kabisa. Na dada wa duka la jumla, umenifungua macho, kuna mawakala wa mitandao ya simu wananifuata kila wiki na stika zao. Wa Kenya na Zanzibar mko wapi?

Mama kinyozi, Nairobi

Huku kwetu tulisumbuka sana na karatasi nyingi: pamiti ya biashara kivyake, zimamoto kivyake, afya kivyake, tangazo la nje kivyake. Kila moja na foleni yake na kanjo (askari wa kaunti) wake. Mwaka 2023 kaunti ya Nairobi ikaziunganisha zikawa pamiti moja, na kibao cha dukani kimo ndani. Kwangu imesaidia, kwa sababu nalipa mara moja na nabandika karatasi moja. Lakini usidhani ukishakuwa na hiyo basi unaweza kuweka bango kubwa popote, hayo yana maombi yake. Na barabara zina wenyewe pia, zile kuu ni za mamlaka ya KeNHA, za mjini ni za mamlaka ya KURA. Mimi kibao changu nimekiweka juu ya mlango, ndani ya mstari wa jengo. Landilodi alinipatia barua, sijasumbuliwa.

Mwenye mkahawa, Mji Mkongwe, Unguja

Huku mambo ni mengine kidogo. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985, na tangu 2000 umo katika urithi wa dunia wa UNESCO. Kwa hiyo kabla hujagusa ukuta lazima mamlaka iridhie.

Miye nilitaka bango la plastiki lenye taa ndani, nimeshaliona mjini Dar nikalipenda. Nikaambiwa hapana. Nilikasirika, nisiseme uongo. Yule bwana aliyekuja kukagua hakubishana nami, akanishika mkono akanipeleka nyumba ya tatu kutoka kwangu. Akanionesha pahala palipotobolewa kwa msumari mkubwa halafu pakazibwa saruji. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zinavuta unyevu na kuutoa. Saruji inauzuia. Pembeni ya kile kiraka chokaa ilikuwa imevimba, ukiigusa inamwagika kama unga. Nikagusa mwenyewe, ikanijaa viganjani.

Nikaenda kwa seremala, akanichongea kibao cha mbao, jina limechimbwa kwa patasi, kimening'inia kwenye chuma cha zamani kilichokuwapo ukutani tangu enzi za mwenye nyumba wa kwanza. Hakikutobolewa kitundu hata kimoja. Mlango wenye nakshi haukuguswa. Wageni wanakipiga picha.

Mchora mabango, Mwanza

Mkuu wa Unguja, herufi za kuchimba kwa patasi ndizo nilizojifunzia kazi. Umenikumbusha mbali.

Mwanzisha uzi

Wapendwa narudi kuwapa mrejesho. Nilichukua ushauri wa kaka mchoraji. Ankara ya Julai nilikuwa sijailipa, nikaenda kwa ofisa na mchoro mpya: futi 5 kwa 3, bila taa, jina na namba ya simu tu. Lile la kwanza lilikuwa futi za mraba 32, hili ni 15. Amekubali kulipima upya, ankara ya zamani inafutwa nikishapeleka picha ya bango jipya likiwa limetundikwa. Fundi yuko juu ya ngazi sasa hivi anakata engo, cheche zinamwagikia barazani, na taa zile mbili nimezihamishia ndani juu ya kiti cha kusukia.