Magoti ya askari wa Kagera: ni vita au ni viazi?

Mwana wa Uyole
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Jumapili nilimwona baba yangu akishuka ngazi za kanisa kinyumenyume, mkono mmoja ukutani, akiwa ameelekeana uso kwa uso na wanakwaya waliokuwa wakisubiri apite. Mzee alipigana Vita vya Kagera, akatembea kutoka Mutukula hadi Kampala, zaidi ya kilomita 200, bunduki na risasi na mgao wa chakula vikiwa mgongoni. Alipokwenda kuuliza katika ofisi moja, aliambiwa kwamba jeraha linaloeleweka ni la risasi au bomu. Binamu yangu aliyeko Marekani ananiambia kuwa huko askari mstaafu hudai fidia ya ulemavu kwa ajili ya viungo tu, na hulipwa kila mwezi. Naomba tujadili: goti lililoisha kwa kutembea vitani si jeraha?

Mzee wa Isyonje
Marahaba, kijana. Sina ugomvi na baba yako, ila tusitafute mchawi. Huku kwetu ikifika baridi ya Juni kila aliyevuka miaka hamsini anatembea kama kaa, na wengi wao hawajawahi kumwona hata askari mmoja wa Idi Amin. Mama yangu alibeba viazi kutoka shambani hadi barabarani kwa miaka thelathini, tena lumbesa, si hilo gunia la kilo 100 mnalolisikia kwenye matangazo. Kama magoti ni hoja, foleni na ianzie kwake.

Binti wa Mafinga
Kamwene. Nimelisoma hilo neno "viazi" mara mbili, ikabidi ninywe maji kwanza. Baba yangu mdogo alikuwa mgambo, akaondoka mwaka 1978 akiwa mzima, akarudi anachechemea, akazikwa bila mtu yeyote kumwuliza amepatwa na nini. Mbeba viazi anaweza kutua mzigo akapumzika, lakini mtu aliyekuwa akisogea usiku kuelekea Masaka angetua wapi? Kuwaweka watu hao wawili kwenye mizani moja ni dharau, hata kama imesemwa na mzee.

Mzee wa Isyonje
Binti, anayedhani kuwa mjane mwenye watoto sita ana hiari ya kutua gunia hajawahi kuvuna viazi kwenye mvua. Ninyi wa Mafinga mazao yenu ni mbao, yanabebwa na malori.

Binti wa Mafinga
Mbao zinapakiwa na nani, baba? Na malaika?

Tabibu wa Tukuyu
Naomba niingilie kabla hatujafika kwenye chai na parachichi. Baridi humfanya mgonjwa ayasikie maumivu zaidi, lakini si baridi inayokula gegedu. Gegedu ni ule utando mlaini unaofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, na ukishaisha mifupa husagana. Uzee huchangia, uzito wa mwili huchangia, kazi za kubeba na kuchuchumaa kwa miaka mingi huchangia, na goti lililowahi kuumia ujanani huwa hatarini zaidi, hata kama lilionekana kupona. Kwa hiyo mzee wetu wa Isyonje na dada wa Mafinga wote wana sehemu ya haki, jambo ambalo najua halitamfurahisha yeyote kati yao.

Koplo wa Zamani
Nilikuwa nasoma kimya. Mnaitaja Marekani kana kwamba kule wanagawa fedha mlangoni. Mdai huonyesha mambo matatu: kwamba ugonjwa anao sasa, kwamba kuna jambo lililompata jeshini, na kwamba la kwanza limetokana na la pili. Hilo la tatu ndilo huwaangusha wengi. Kama yabisi ya viungo imejitokeza kwa kiwango cha kulipika ndani ya mwaka mmoja baada ya kuacha jeshi, huchukuliwa kuwa imetokana na jeshi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikichelewa zaidi ya hapo, kazi ya kuonyesha uhusiano ni yako. Goti hupimwa kwa kipimapembe. Kwa kumbukumbu zangu lisilokunjika vizuri ni ulemavu wa asilimia 30, kwa hiyo mawili ni 60.

Mhasibu wa Njombe
Afande, hapo umewaongezea. Kwa kipimo cha kukunja, asilimia 30 ni ya goti lisilovuka nyuzi 15, yaani karibu limekuwa gogo. Lisilovuka nyuzi 45, ambalo haliwezi kukaa vizuri kwenye kiti cha daladala, ni asilimia 10 tu. Tena hazijumlishwi kama bei za sokoni: 30 ya kwanza huondolewa kwenye mia, ya pili hukokotolewa kwenye 70 iliyobaki, unapata 51, kisha kwa kuwa ni magoti yote mawili huongezwa sehemu ya kumi ya hiyo 51, inakuwa 56.1, nayo husogezwa hadi 60. Umefika palepale, ila kwa njia nyingine.

Koplo wa Zamani
Nimepokea. Hata hivyo kuna kifungu kimoja ninachokitamani kwetu: ushahidi wa pande mbili ukilingana, shaka humwendea askari.

Mzee wa Isyonje
Na mbeba viazi shaka yake inamwendea nani?

Tabibu wa Tukuyu
Mzee, subiri kidogo. Mwana wa Uyole, hujatuambia jambo moja: baada ya vita baba alifanya kazi gani?

Mwana wa Uyole
Nilitarajia swali hili, na nilitumaini halitakuja. Aliachishwa jeshi mwaka 1980. Baadaye, kwa muda wa miaka kumi na tisa, alipakia viazi kwenye malori pale Isyonje.

Binti wa Mafinga
Eh.

Mzee wa Isyonje
Pale kwetu? Basi huenda alibeba gunia la mama yangu. Mpe pole zangu, na sisemi hivyo kwa kejeli.

Koplo wa Zamani
Hiyo haijafuta dai, imelifanya gumu tu. Mwulize goti lipi lilianza, na lini. La pili likiwa limeharibika kwa sababu ya kuliegemea baada ya la kwanza kuumia, wenzetu hao hulihesabu nalo pia.

Mwana wa Uyole
Nimetoka kumwuliza sasa hivi, yuko jikoni anaota moto. Anasema ni la kulia, na lilianza karibu na Lukaya, alipoteleza usiku kwenye kinamasi akiwa na mzigo. Lilivimba hata suruali ikakataa kupanda. La kushoto lilifuata miaka mingi baadaye, akiwa tayari kwenye viazi.

Koplo wa Zamani
Kuna karatasi yoyote ya wakati ule?

Mwana wa Uyole
Hakuna. Mwenzake aliyemfunga goti kwa kitambaa cha chandarua alikuwa mtu wa Makete, nasi tulikwenda kumzika mwaka 2011.